Makaburi ya usharika: tupange vipi, tupande nini?

Mama Uru
Habari zenu wadau. Nipo kwenye kamati ya kupanga upya eneo la makaburi ya usharika wetu huku Uru. Juzi nilipita kwenye makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza pale Moshi, nikabaki nashangaa. Mistari imenyooka, mawe yote kimo kimoja. Kwetu huyu kajenga kwa marumaru na paa la bati juu, jirani yake ana msalaba wa mbao, na katikati jeneza halipiti mpaka libebwe juu ya kaburi la mtu. Wenzetu wanafanyaje mawe yasiiname? Na mbele ya kaburi mnapanda nini?

Fundi Bustani
Mama, kazi iko chini ya udongo. Kwenye makaburi mengi ya wale, jiwe halisimikwi peke yake. Wanamwaga mkanda wa zege mstari mzima, mawe yanakaa juu yake. Udongo ukititia kidogo, mstari hauyumbi.
Mbele ya jiwe panda maua mafupi, na si kwa urembo tu. Mvua za masika zikipiga udongo mtupu zinarusha tope hadi kwenye maandishi, baada ya muda jina halisomeki. Hela ya maua ikikosekana, mwaga kokoto. Migrevilia ipeleke mpakani, mizizi yake itainua zege lako.

Meku wa Marangu
Hayo mawe kulingana ni uamuzi, mama. Tume ya Waingereza ya makaburi ya vita iliundwa 1917, na ripoti ya mshauri wake Frederic Kenyon ya 1918 ikasema cheo kisionekane kaburini: afisa na askari wa kawaida jiwe moja. Ila wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita ile, wakafa kwa malaria na kuhara, wengi hawakuwekewa hata jina. Tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi 2021. Kwa hiyo kabla ya zege, kaeni na wazee muandike daftari la nani kalala wapi. Na masale, ile mimea Wachagga tunayopanda makaburini, msiyaguse, mengine ndiyo alama pekee ya kaburi.

Mama Uru
Shikamoo Meku, asante. Vijana walishataka kuyang'oa masale waweke pevingi, nimewazuia. Daftari tutaanza Jumapili baada ya ibada. Mwenye paa la bati ndiye sijui nitamwingiaje, maana ni mweka hazina wetu.