Natengeneza baiskeli za mzigo hapa Mwanza, nawapataje mawakala wa kuaminika?

Mchomeleaji wa Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo Nyakato, natengeneza baiskeli za mzigo. Fremu, foki na keria nachomelea mwenyewe kwa bomba zito la chuma. Habu, cheni, gololi na ringi nanunua kwenye maduka ya jumla mjini, zinatoka India na China. Keria yake ni ndefu, inabeba tenga la samaki au magunia mawili ya mkaa na usukani unabaki umetulia.

Wateja wangu mpaka sasa ni wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na wauza maji. Wanakuja kwa kuambiana. Sasa nataka zifike Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, ila siwezi kuchomelea na huku nazunguka kuuza. Maduka niliyoyafuata yote yanataka mali kauli, yaani niwaachie mzigo wanilipe ukishauzwa. Duka moja niliwaachia, baiskeli ziliuzwa, na pesa inakuja kwa vipande mpaka leo. Bei yangu karakanani ni 320,000. Nimtafuteje wakala, nimpe faida gani, na nimbane vipi asile mtaji? Naombeni ushauri.

Mpenda Baiskeli
Hongera sana mkuu. Mimi nimekulia kwenye keria ya Swala ya baba, baiskeli iliyotengenezwa hapahapa nchini, kwa hiyo hili limenigusa. Kabla ya yote: ringi zako ni inchi ngapi, na zina matundu mangapi?

Mchomeleaji wa Nyakato
Inchi 28. Nyuma matundu 40, mbele 32.

Fundi wa Igoma
Basi una mahali pa kuanzia, maana hizo ni spea za baiskeli za Phoenix na zinapatikana hadi vijijini. Usije ukabadilisha kwa sababu umepata ringi za bei rahisi. Mkulima wa Kwimba akikatikiwa spoki ni lazima aipate gulioni.

Nikuambie ninachokiona kila siku, ndugu yangu. Mtu akitaka baiskeli hatangulii dukani. Anakuja kwanza kwa fundi wake pale chini ya mti, anamuuliza, "Nichukue ipi?" Fundi akisema ile foki inapinda, hiyo baiskeli haiuziki mji mzima. Akisema chukua hii, mteja anakwenda na hela mkononi. Wewe umefuata maduka makubwa yanayouza pia magodoro na redio. Kwao baiskeli yako inatumia nafasi tu, na mteja akiuliza kwa nini keria imeungwa hivyo, hakuna wa kumjibu.

Tafuta fundi mwenye kibanda cha spea, anayeheshimika. Mpe baiskeli moja aitumie yeye mwenyewe, abebee mzigo mzito, watu waione ikipita. Ikiuzwa nyingine kupitia kwake mpe chake siku hiyohiyo, usimwambie asubiri. Na umwachie cheni, gololi na pedali za akiba ili mteja wako asikwame. Mimi ningeridhika na 30,000 kwa baiskeli, nikijua hata matengenezo yatakuja kwangu.

Mama Spea Sengerema
Kaka, naomba nisemee wenye maduka. Tunataka mali kauli kwa sababu baiskeli yako hatuijui bado. Nikitoa hela yangu ikalala miezi, nani atanifidia? Tukutane katikati: niletee mbili. Ya kwanza ikiuzwa nakulipa yote, ndipo unaniletea nyingine. Nisipolipa huleti, na hasara yako haizidi hizo mbili.

Gonga namba kwenye kila fremu, tuiandike kwenye mkataba, tusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Namba itamsaidia na mteja akiibiwa. Halafu bei iwe moja kwa mawakala wote. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, mtu wa huku anakwenda Mwanza na kurudi mapema. Akisikia kwako ni rahisi kuliko kwangu, mimi sina biashara. Kwa hiyo hata wewe hapo karakanani uza kwa bei ileile anayouzia wakala.

Mkerewe
Naunga mkono hilo la bei. Za Ukerewe usizitume zikiwa zimeunganishwa. Vua magurudumu, geuza usukani, funga fremu pamoja, fundi wa Nansio ataziunganisha huku na umlipe ufundi wake. Ukipakia nzima kwenye meli utalipia nafasi tupu.

Jambo jingine: maji ya samaki. Yanatiririka kutoka kwenye tenga, yanaingia pale keria inapoungana na fremu, rangi inabambuka na kutu inaanzia kwenye weldi. Toboa tundu dogo chini maji yatoke, na upige praima, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, kabla ya rangi yenyewe. Wavuvi wanalikagua hilo kabla ya kuuliza bei.

Mtoto wa Magu
Msimu wa pamba unafunguliwa kwenye mwezi wa tano. Wakulima wakilipwa ndipo wananunua baiskeli na mabati. Mawakala wa Magu na Kwimba wawe na mzigo kabla ya hapo. Agosti nenda Nanenane, viwanja vya Nyamhongolo. Na SIDO, wale wa viwanda vidogo, si wako hapo hapo Nyakato? Waone wakupe barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Wenye maduka wakiona alama ya ubora wanakusikiliza.

Mchomeleaji wa Nyakato
Wabeja sana ndugu zangu. Nimeamua hivi: naanza na mafundi wawili, Igoma na Kisesa, kwa hiyo 30,000. Dada wa Sengerema, zako mbili nazileta na mkataba, na mimi hapa nauza 350,000 kama nyie wote. Namba za kugonga nazinunua kesho. Tundu la maji nimeshatoboa kwenye fremu iliyo mezani, nyingine zinafuata.

Bado sina mtu Misungwi wala Ngudu. Anayemjua fundi mwenye kibanda cha spea huko, anayeaminika na wateja wake, anitafute inboksi.