Kwenye bridge, ukifungua notrampu moja (kunadi bila turufu) ni pointi ngapi za karata kubwa mkononi? Semeni KABLA ya kuanza mnada, tumechoka!

Wakuu wa bridge, karata za wawili kwa wawili, leo nina hasira na nasema wazi. Mtu anakaa mezani na patna ambaye hajawahi kucheza naye hata mkono mmoja, halafu anaanza kunadi kimyaaa, hata kuuliza "tunacheza nini" hamna, hivi mnaogopa nini?

Jana usiku nimeingia mtandaoni nikapangwa na Muingereza mmoja, akafungua notrampu moja. Mkononi nina shupaza sita, kingi na jeki zimo, kopa mbili za hovyo na takataka nyingine. Nikaita kopa mbili, yaani transfa: naita kopa kumwambia nina shupaza, yeye aite shupaza mbili nipasi tumalize. Jamaa AKAPASI! Kumbe kwake kopa mbili ni kopa kweli. Turufu zetu sote wawili tano, wapinzani wana nane, tukapungukiwa mizunguko minne tena tuko valnerabo, yaani adhabu inakuwa kubwa zaidi, pointi mia nne zikaenda hivi hivi halafu ananiandikia eti nikajifunze kwanza. Jacoby, yule mchezaji wa Marekani, katangaza transfa zake tangu 1956 jamani.

Nikameza. Baadaye kafungua tena notrampu, nina pointi kumi, mimi nimefundishwa 15 mpaka 17 kama Wamarekani kwahiyo nikahesabu tuna 25 kwenda juu, zinatosha gemu (mkataba wenye bonasi), nikaruka notrampu tatu. Naweka karata chini namuona anavyohangaika, kumbe ana 12! Anacheza Acol, mfumo wa kunadi wa Waingereza, kwao notrampu moja ni 12 mpaka 14. Gemu kwa pointi 22, itatoka wapi?

Sina ugomvi na Acol, notrampu dhaifu inawabana wapinzani mapema na hilo nalikubali. Ninachokataa ni kukaa kimya. Huko huko Uingereza klabuni mtu akifungua notrampu moja patna wake anatakiwa atangaze "12 mpaka 14" wapinzani wasikie. Wapinzani wana haki ya kujua, sembuse mimi niliyekaa upande wako??

Uliza pointi ngapi, transfa zipo au hazipo, na ukijibiwa shupaza mbili ina maana gani, maana hiyo ndo kila mtu ana yake, huyu anaonyesha pao, yule pao na uru zote mbili, mwingine anauliza pointi za notrampu yako ziko chini au juu. Na pao nne, ni Gerber ya kuuliza ree? Nusu dakika imeisha.

Natafuta patna wa 15-17 na transfa, saa tatu usiku niko mezani. Ila tuandikiane kwanza.