Naomba ushauri: kutambua majengo yaliyokuwa maduka ya magari

Ndugu wanachama, salaam.

Ninakusanya kumbukumbu za maduka ya zamani ya magari mjini, hasa yale ya kabla ya 1940, kwa kuwa majengo yake yanabomolewa kabla hayajaandikwa popote, jambo linaloniumiza sana. Yaliyo dhahiri hayanisumbui: kioo kipana upande wa mtaani, sakafu za zege zilizojengwa kubeba uzito wa magari, na lifti au njia ya mteremko ya kuyapandisha ghorofani kwenye karakana. Katika Motor Row ya Chicago, kando ya South Michigan Avenue, maduka ya namna hiyo yalipangana moja baada ya jingine, na nakshi za kuta zake bado zinaonyesha fahari ya biashara ile.

Ninakwama kwenye majengo ya kawaida, ambayo kioo chake kimezibwa kwa matofali na ambayo huenda yalikuwa gereji tu. Nimepitia orodha za zamani za biashara na matangazo ya magazeti, lakini hutaja jina na mtaa bila kueleza jengo. Wazee nao hutofautiana, maana wauzaji walihamahama.

Je, ni alama gani za ndani zinazotofautisha duka na gereji hata baada ya ukarabati? Na kumbukumbu za wazee zinapopingana na maandishi, ninyi huziandikaje bila kuzidharau? Nitashukuru hasa kwa majibu ya waliowahi kukagua majengo haya wenyewe.