Uzi wa malalamiko: Nyie mnaoandika maktaba za barua pepe, folda si jina tu!

Wakuu, habari za kazi.

Nina hasira na sitaificha. Uzi huu ni mrefu, lakini kama una programu inayosoma barua pepe za ofisi, usome mpaka mwisho kabla hujaletewa kesi na idara ya uhasibu.

Nazungumzia maktaba za kuandikia programu zinazoongea na seva kwa IMAP (itifaki ya kusoma barua zikiwa kwenye seva), na hasa namna zinavyoigeuza folda ya barua kuwa objekti, yaani kitu cha ndani ya programu chenye data na metodi (vitendo) zake. Unapewa klasi (kiolezo cha objekti) safi kabisa: ina jina, ina orodha ya barua, ina metodi ya kuhamisha na ya kufuta. Ukisoma mfano ulioko kwenye nyaraka unaona mistari mitano imemaliza kazi. Kumbe objekti hiyo haiijui folda inayoiwakilisha. Imebeba jina na orodha ya namba, basi, na vyote viwili vinaweza kuwa vya uongo dakika moja baadaye.

Kazi yetu ni ya kawaida. Wasambazaji wanatuma ankara kwa barua pepe, mhasibu anaziweka kwenye folda yake ya "Ankara & Risiti", programu inaingia humo, inatoa PDF, inaisajili kwenye mfumo wa malipo, kisha inahamishia barua kwenye folda ya zilizoshughulikiwa. Kampuni iliyotuuzia mfumo ilitupa na maktaba yake. Sitaitaja kampuni hiyo, shida yangu ni kazi yenyewe.

Cha kwanza kutugomea ni jina. Maktaba ikasema folda haipo. Mhasibu anaiona kwenye simu, anaiona kwenye kompyuta, sisi tunaambiwa haipo! Sababu inajulikana tangu zamani. RFC 3501 (RFC ni hati za viwango vya mtandao), ambayo ni maelezo rasmi ya IMAP ya mwaka 2003, inataka majina ya folda yasimbwe kwa UTF-7 iliyorekebishwa, njia ya kuandika herufi za lugha zote kwa herufi za ASCII (za msingi za Kiingereza), na ndani ya usimbaji huo alama ya & ndiyo inayofungua mlango wa herufi zisizo za ASCII. Kwa hiyo & ya kawaida lazima iandikwe &-. Kwenye seva folda yetu inaitwa "Ankara &- Risiti". Maktaba ilikuwa inatuma jina kama lilivyo, bila kulisimba. Tulipoorodhesha folda zote ndipo tukaona hilo jina la ajabu, kwa sababu wakati wa kusoma nako haikujisumbua kulirudisha kuwa jina la binadamu.

Tukaripoti. Jibu likaja: "Badilisheni jina la folda." Yaani mhasibu aliyezoea folda yake miaka yote abadilishe jina ili mtu aliyeandika maktaba asiandike kazi ndogo ya kusimba na kusimbua! Na sisi tuna bahati kwamba Kiswahili hakina alama juu ya herufi. Mwenzetu aliyeko Bujumbura anahudumia wateja wenye Gmail ya Kifaransa. Folda ya barua zilizotumwa huko inaitwa "[Gmail]/Messages envoyés", na kwenye waya inasafiri kama "[Gmail]/Messages envoy&AOk-s". Maktaba yetu hiyohiyo ina metodi ya kukupa folda ya zilizotumwa, na ndani yake imeandikwa neno moja tu: Sent. Akiita metodi hiyo anapewa objekti ya folda isiyokuwepo, na objekti inakubali kutengenezwa bila hata kukohoa.

Hili halina kisingizio. RFC 6154 ya mwaka 2011 iliweka alama za kazi maalumu: seva yenyewe inakutajia ipi ni ya zilizotumwa, ipi ya rasimu, ipi ya barua taka, ipi ya tupio, kwa lugha yoyote ile. Gmail inazitoa alama hizo. Kinachotakiwa ni objekti ya folda iwe na sehemu ya kazi yake, kando na jina. Hata kitenganishi cha folda na folda ndogo si kimoja kila mahali, seva moja inatumia mkwaju, nyingine nukta, na seva inakitaja kwenye jibu la LIST, amri ya kuorodhesha folda. Maktaba yetu imeweka mkwaju moja kwa moja kwenye msimbo. Na kwenye Gmail folda ya juu inayoitwa "[Gmail]" haifunguki kabisa, imewekewa alama ya \Noselect, ni chombo cha kubebea nyingine. Maktaba inakupa objekti yake ikiwa na metodi zote za kusoma barua, unaita, unakula hitilafu.

Hayo ni usumbufu, tungeyavumilia. Kilichonitoa povu ni namba.

Ndani ya IMAP kila barua ina namba mbili. Moja ni namba ya mahali ilipo kwenye folda: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo inabadilika kila barua iliyo mbele yake ikiondolewa. Nyingine ni UID, kitambulisho cha barua ndani ya folda, ambayo haisogei. RFC 3501 ina mfano wake wa kusogea huko: barua za 3, 4, 7 na 11 zimewekewa alama ya kufutwa, unatoa amri ya EXPUNGE ya kuziondoa kabisa, seva inajibu 3, 3, 5, 8. Anayeona mara ya kwanza anadhani seva imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa. Ya 3 ikiondoka, ya 4 inasogea kuwa ya 3 nayo inaondoka. Kufikia hapo iliyokuwa ya 7 imeshakuwa ya 5, na ikiondoka hiyo, iliyokuwa ya 11 ni ya 8. Imeandikwa waziwazi, kwa mfano, tangu 2003.

Sasa tazameni maktaba yetu inafanya nini. Ukifungua folda inapakua barua zote na viambatisho vyake, inatengeneza orodha ya objekti, na kila objekti inakumbuka namba ya mahali ilipokuwa wakati ule. Ukiita hamisha, inatuma namba hiyo.

Weka ankara sita kwenye folda. Programu inasajili ya 1 na kuihamisha, sawa. Inasajili ya 2, inaita hamisha kwa namba 2, lakini sasa aliyekaa kwenye nafasi ya 2 ni ile ya 3. Inahamishwa ya 3. Inasajili ya 3, inahamisha nafasi ya 3, ambayo ni barua ya 5. Katikati hapo msambazaji mwingine ametuma ankara mpya, ya 7. Programu inasajili ya 4, inahamisha nafasi ya 4, na aliyeko hapo ni hiyo mpya ya 7. Inasajili ya 5 na ya 6, nafasi hizo hazipo tena, seva inakataa, na maktaba inameza hitilafu kimyakimya.

Hesabuni wenyewe. Ankara ya 2, ya 4 na ya 6 zimeshasajiliwa lakini zimebaki kwenye folda, kwa hiyo mzunguko unaofuata zinasajiliwa tena. Ankara ya 7 imepelekwa kwenye zilizoshughulikiwa na hakuna aliyeisoma. Huyo msambazaji anapiga simu kuuliza hela yake, mhasibu anatafuta kwenye mfumo hakuna kitu, anatafuta kwenye folda yake hakuna kitu. Kwenye zilizoshughulikiwa ipo! Anaonekana mhasibu ndiye aliyeiweka huko. Mtu anaweza kusimamishwa kazi kwa jambo kama hili, na chanzo ni mtu aliyeona UID ni kazi ya ziada.

Halafu kuna kusoma kwenyewe. Ukiomba mwili wa barua kwa maombi ya BODY[] au RFC822, na folda umeifungua kwa kuandika, seva inaiwekea barua alama ya kwamba imesomwa. Ukitaka isiguswe unaomba BODY.PEEK[], au unaifungua folda kwa EXAMINE (kusoma tu) badala ya SELECT (kusoma na kuandika). Maktaba yetu inatumia RFC822, kama mafunzo mengi ya mtandaoni. Mhasibu anafungua kikasha asubuhi, hakuna barua hata moja iliyokolezwa, zote zinaonekana zimesomwa. Alituuliza nani anaingia kwenye barua zake usiku. Aliuliza kwa heshima, lakini nilijisikia vibaya kwa niaba ya fani nzima.

La mwisho ndilo zito zaidi. UID haisogei, lakini ina sharti: inaaminika pamoja na thamani ya UIDVALIDITY ya folda hiyo, namba ambayo seva inaitoa kuonyesha kama UID za folda bado ni zilezile. Jina la folda, UIDVALIDITY na UID, vyote vitatu kwa pamoja, ndivyo vinavyoitambulisha barua moja daima. UIDVALIDITY ikibadilika, UID zote ulizohifadhi ni za kutupa. Tulipohama seva, thamani hizo zikabadilika kama ilivyotarajiwa. Tulikuwa tumeshawalazimisha wale jamaa wa maktaba watumie UID, na toleo jipya lilikuwa linatumia UID kweli, ila UIDVALIDITY hawakuihifadhi popote. Objekti ya folda haina hata sehemu ya kuiweka. Matokeo yake barua mpya zikawa zinafanana UID na za zamani, programu ikazitazama, ikasema hizi tulishazisajili, ikazipita.

Nikipaza sauti naambiwa, "Hiyo ni shida ya IMAP, si ya maktaba." Hapana. IMAP ni ngumu, nakubali, Mark Crispin aliianzisha miaka ya 1980 na imebeba mizigo mingi tangu hapo. Lakini ukinipa objekti unanipa ahadi. Lugha ya Python ina maktaba yake ya imaplib, ambayo haijisingizii objekti ya folda. Inakurushia baiti za seva zilivyo, na jina lenye nafasi kama Sent Items usipolizungushia alama za nukuu wewe mwenyewe, seva inakataa. Inachosha, ila haijakuahidi kitu. Naiheshimu kuliko maktaba inayonipa klasi nzuri yenye uongo ndani.

Na wakubwa pia wana lawama. JavaMail, maktaba ya barua pepe ya Java ambayo siku hizi ni Jakarta Mail, ukiita getFolder kwa jina lolote inakupa objekti hata kama folda haipo, mpaka uulize exists. Ukiita mara mbili kwa jina lilelile unapata objekti mbili tofauti. Metodi ya kufunga inaweza kupewa true au false, na ukiweka true, kufunga folda kunafuta kabisa kila barua yenye alama ya kufutwa. Kitendo cha kufunga mlango hakipaswi kubeba moto! Tena kila folda iliyofunguliwa inashika muunganisho wake na seva, wakati Gmail inaruhusu miunganisho 15 tu kwa akaunti. Fungua folda nyingi kwa pamoja uone. Tofauti ni kwamba wao wameyaandika hayo kwenye nyaraka. Ukisoma, unajua.

Wanaoweza wapo. MailKit, maktaba ya jukwaa la .NET la Microsoft, ina objekti ya folda yenye UidValidity, yenye kitenganishi chake, yenye alama zake, na UID yake inabeba ile thamani ya uhalali ndani yake. Unaomba folda ya zilizotumwa kwa kazi yake, si kwa jina. JMAP nayo, itifaki mpya zaidi ya barua pepe, kwenye RFC 8621 ya mwaka 2019, imeipa kila folda kitambulisho kisichobadilika hata jina likibadilishwa, ina sehemu ya kazi yake, na barua moja inaweza kuwa ndani ya folda kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtumiaji wa lebo za Gmail analijua kila siku. Hata IMAP yenyewe ilipata nyongeza ya kitambulisho cha folda, MAILBOXID, kwenye RFC 8474 ya 2018. Seva yako ikiwa nayo, hakuna sababu ya kuitambua folda kwa jina.

Kwa hiyo ninachodai kwa wale jamaa, na kwa yeyote humu anayeandika maktaba ya aina hii, ni hiki: objekti ya folda ibebe UIDVALIDITY, na ikibadilika igome kwa kelele, isiendelee na kazi. Namba ya mahali isitoke nje ya maktaba kamwe. Kufungua kwa kusoma tu kuwe ndiyo kawaida, anayetaka kuandika aseme. Na hitilafu ya seva isimezwe, hata iwe ndogo namna gani.

Sisi maktaba yao tumeshaitoa. Ninaandika tabaka letu jembamba juu ya imaplib, na kila hatua linahifadhi vile vitu vitatu kwenye hifadhidata. Mhasibu amebaki na "Ankara & Risiti" yake. Wale jamaa nimewafungulia tiketi nyingine yenye mfano wa ankara sita hapo juu, hatua kwa hatua, wakaurudie kwenye seva yao. Wakijibu nitabandika jibu lao hapahapa.

Wenye mifumo inayofanana: mmefanyaje pale seva ilipobadilisha UIDVALIDITY na tayari mna maelfu ya barua zilizosajiliwa? Mnalinganisha kwa Message-ID, kitambulisho kilichoandikwa kwenye kichwa cha barua? Maana nimeona wasambazaji wanaotuma ankara mbili tofauti zenye Message-ID moja, na hapo bado sina jibu ninaloliamini.