Gia za baiskeli bila waya: tuzisubiri au tubaki na waya zetu?

Wakuu wa Mtwara na Lindi, nalileta hili tulichape wazi maana vijana wa baiskeli za milimani huku kwetu wamegawanyika na kila mtu kakaza shingo. Upande mmoja wanasema usinunue tena gia ya waya, vumilia kidogo, makampuni yako jikoni na breki bila waya na gia isiyotaka chaji. Upande wa pili wanasema huo ulimbukeni, mchanga wa Newala utavimaliza vyote kabla msimu wa korosho haujaisha.

Mi naona wote wanabishania pembeni.

Tuwekane sawa kwanza, gia bila waya (mkono, yaani kile kibadilishio cha kwenye usukani, unaituma amri kwa mawimbi ya hewani) zipo kitambo. Kampuni ya SRAM walitoa gia ya Eagle AXS 2019, 2021 wakaishusha mpaka daraja la kati la GX, 2023 wakaja na gia ya Transmission inayofungwa moja kwa moja kwenye fremu, kile kipande cha kuning'inizia gia kinachopindaga ukidondoka hakipo tena. Wapinzani wao Shimano walikuwa na XTR, daraja lao la juu, ya umeme tangu 2014 ila ya waya, bila waya wakaitoa 2025 na mwaka huohuo wakateremka nayo hadi Deore, daraja la watu wa kawaida (wa kawaida wa Ulaya, sio wa Tandahimba). Kwa hiyo zitazidi kushuka, hilo sina ubishi nalo.

Hoja ya mchanga mi hainiingii kabisa. Kinachoteseka na vumbi la huku ni waya, vumbi likiingia kwenye ganda lake gia inakuwa nzito, unabofya haibadili, halafu inaruka mbili kwa mpigo ukiwa katikati ya mlima. Tofauti ni kwamba kwa waya nampelekea fundi pale chini ya mkorosho, anauchomoa, anaufuta na kitambaa chenye mafuta ya taa, anadondoshea matone ya mafuta ya cherehani kwenye ganda, anarudisha, anakaza nati huku anazungusha pedali kwa mkono anasikilizia mlio, nampa hela ya soda naondoka. Chaji nayo sio kesi kubwa hata umeme wetu ukizingua, betri ya AXS inatembea kama masaa 20 na ile ya mkononi ni kibetri cha duara CR2032, hichohicho cha rimoti za gari.

Kesi ni kufuli. Mkono wa SRAM hauongei na gia ya Shimano, basi, kama simu iliyofungwa laini moja. Na sisi huku tuseme ukweli hatununui mpya, tunasubiri mzungu au mjapani achoke nayo ije kwenye kontena la mtumba, sasa inafika mkono umepotea, betri imekufa, kampuni imeshaacha kutengeneza za toleo hilo, fundi atafanya nini? Gia ya waya hata ukikosa mkono wake unafunga ule wa kizamani usio na hatua, unavuta kwa kukadiria, mnyororo unapanda.

Na nahisi hizo zinazokuja zitafungwa zaidi. 2024 watafiti wa Marekani walionyesha unaweza kurekodi mawimbi ya gia za Shimano bila waya ukayarudisha hewani na gia ya mwenzio ikabadilika, wewe uko mbali mpaka mita 10. Shimano ikabidi watoe marekebisho ya programu. Kampuni ikishatishwa hivyo inaongeza kufuli, na kufuli la kumzuia mwizi linamzuia na fundi wa Masasi.

Kuna mdau wa Nachingwea kaniambia si unaitoa tu unafunga ya waya. Kwa fremu nyingi sawa, ila siku hizi kuna fremu hazina hata tundu la kupitishia waya, utaufunga kwa nje na tai za plastiki kila mahali mpaka baiskeli ionekane mgonjwa wa wodini.

Breki bila waya ndo sitaki hata kusikia. Gia ikigoma unarudi na gia moja unanung'unika, breki ikigoma kwenye mteremko wa Newala, na lile genge la Shimo la Mungu lile pale, utanung'unikia wapi? Wakizitoa zijaribiwe kwanza na wa kwao.

Kwa hiyo ninachobishia mimi: tusishabikie bei kushuka, tushabikie gia inayokubali mkono wa kampuni yoyote na vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja. Isipokuwa hivyo mi nabaki na waya. Mafundi mliopo humu, mshawahi kuletewa baiskeli ya mtumba ya namna hii imekufa? Mliifufua au mkaichinja vipuri?