Uzi wa akriliki au wa nailoni: upi unashika rangi sawasawa?

Mfumaji_Machakos: Habari wadau. Nafuma vyondo, na mapambo nayafuma kwa uzi wa akriliki ninaoutia rangi mwenyewe. Mara tatu sasa umetoka na mabaka: nje umekolea, katikati ya fungu umepauka. Nimeshauriwa nihamie nailoni. Mliotumia zote mbili, mnasemaje?

Fundi_Rangi: Pole dada. Unatumia rangi za besiki? Akriliki ndizo inazotaka, lakini chini ya nyuzi joto 80 haizinywi, kati ya 80 na 95 inazifakamia kwa dakika chache, na zikishashika hazihami tena. Mimi nikifika 75 napunguza gesi, napandisha nyuzi joto moja kila dakika mbili huku nageuza uzi. Kupoza pia polepole, ndani ya sufuria ileile, la sivyo uzi unajikunja na kupoteza umbo.

Mama_Sweta: Mie nilihamia nailoni, sijarudi. Natumia rangi za asidi, zilezile za sufu. Kazi yote iko kwenye siki: usiitie mwanzoni. Tia uzi uliolowa maji yakiwa vuguvugu, pasha taratibu, siki iingie kidogo kidogo yakikaribia kuchemka. Ukiona mabaka usikate tamaa, chemsha nusu saa zaidi. Nyingi ya rangi hizi huhama zikatoka palipokolea zikaenda palipopauka. Akriliki haikupi nafasi hiyo. (Na sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena, tafadhali.)

Nguo_Chuoni: Zipo pia rangi za dispasi, za poliesta. Zinaenea vizuri kwenye zote mbili. Ila kwenye akriliki hazikolei sana, na kwenye nailoni huchuja zikifuliwa.

Mfumaji_Machakos: Ni besiki, ndiyo. Na nilikuwa nachemsha maji kwanza ndipo natumbukiza uzi.

Fundi_Rangi: Basi ni hapo! Anza na maji ya baridi, lita 3 au 4 kwa gramu 100 za uzi. Ufue kwanza kwa sabuni utoke mafuta ya kiwandani, na kamba za kufungia fungu ziwe legevu. Ukikaza, chini yake panabaki peupe.

Mfumaji_Machakos: Nilikaza kweli. Nina kilo mbili za akriliki, nitazimaliza kwa moto mdogo. Kwa waridi hafifu nitajaribu dispasi, na nyekundu ya kukolea nitanunulia nailoni. Asanteni sana.