Tupeane uzoefu: ulipataje iafoni za kuziba sikio zinazofaa pleya yako?

Nyar Nyalenda
Habari za jioni wadau. Jana nilikuwa nyuma kabisa kwenye matatu ya Ahero, dereva akaweka muziki wa benga wa zamani, ile ambayo besi inatembea kama mtu mwenye haraka zake sokoni. Nikamkumbuka marehemu baba na redio yake ya kaseti. Kufika nyumbani nikawasha pleya yangu ndogo ya memori kadi, ambayo niliinunua ili nipumzike na simu. Wimbo uleule, besi hamna. Gitaa linalia kama mbu.

Hizi iafoni za kuingia sikioni ni za tatu tangu Januari. Za kwanza mia mbili, upande wa kushoto ukafa wiki ya pili. Za pili mia tano, waya ukakatikia pale kwenye pini. Hizi nimelipa elfu moja mia nane, na boksi lake zuri, na bado. Ninyi mlichaguaje? Mwisho wangu ni elfu tatu.

Mvuvi wa Dunga
Jozi nne mimi, dada. Nne. Niko hapa nasoma.

Mwalimu wa Kwaya
Dada, umegusa kidonda. Niko Kakamega, nafundisha kwaya ya shule. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano, nikarekodi mazoezi kwa kinasa sauti kidogo: mwimbishaji wetu katikati, sauti za juu kushoto, wavulana na ngoma za isukuti kulia. Usiku nikavaa iafoni mpya nisikilize kwenye pleya yangu. Kwaya naisikia, ngoma naisikia kwa mbali kama iko ndani ya pipa. Yule msichana, hayupo. Anapoanza yeye, pengo.

Nikasema huyu mtoto haimbi, anafungua mdomo tu. Asubuhi nikamwita mbele ya wenzake, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikampa mwingine nafasi yake. Alilia siku mbili. Siku ya tatu mwalimu wa kompyuta akaazima pleya yangu, akabonyeza kile kitufe cha maikrofoni kwenye waya na kukishikilia, na sauti ya msichana ikajaa masikioni kama mtu amefungua mlango.

Shida ilikuwa pini. Pini ya iafoni zenye maikrofoni ina sehemu nne, na kuna mipangilio miwili ya kuziunganisha. Mpangilio usipopatana na tundu la pleya yako, waya wa kurudisha umeme unakosa mahali pake, kushoto na kulia vinafutana, na kila kilicho katikati kinatoweka. Mwimbishaji husimama wapi? Katikati. Nilimwomba msamaha mbele ya kwaya nzima, akarudi kwenye nafasi yake. Mpaka leo, nikienda kununua, swali langu la kwanza ni pini.

Fundi wa Section 58
Mwalimu amesema kweli tupu. Nakuru hapa naletewa kifaa kama hicho karibu kila wiki, mtu anadai pleya imeharibika. Sauti inatoweka vilevile pini isipoingia mpaka mwisho kwa sababu ya kava nene. Kama pleya yako haipigi simu, chukua isiyo na maikrofoni, pini ya sehemu tatu. Na utazame shingo ya pini: mpira laini unaojipinda. Ikiwa ngumu kama msumari, waya utakatikia hapo hapo. Nachomelea sana hizo.

Kaptembwa Moja
Lakini bado mko kwa waya? Chukua za Bluetooth, maisha yaendelee.

Fundi wa Section 58
Pleya ya dada umeambiwa ina Bluetooth?

Kaptembwa Moja
Sijaambiwa haina.

Nyar Nyalenda
Haina, kaka.

Kaptembwa Moja
Basi anunue pleya nyingine. Mimi waya umenikwama kwa mlango wa matatu pale Free Area, nikashuka na kichwa, iafoni ikabaki. Siwezi kurudi huko.

Mvuvi wa Dunga
Na betri ikiisha katikati ya ziwa utachaji kwa samaki? Waya hauhitaji chaji.

Shemeji wa Malaba
Ngojeni niwaambie yaliyonipata, kwa sababu hakuna anayetaja vile vimpira vya kwenye ncha ya iafoni na ndivyo vilivyotaka kuniua.

Nilipoteza kimpira kimoja, nikatoa kingine kwenye iafoni za mke wangu. Tundu lake lilikuwa pana kidogo kwa shina la zangu, pale kimpira kinapovalishwa, lakini kilikaa, nikaona ni sawa. Nikapanda basi la usiku kwenda Nakuru. Webuye nikalala na muziki. Nikaamshwa na baridi ya Timboroa, nikavuta iafoni ya kulia, ikatoka bila kimpira.

Kimebaki ndani. Nikatia kidole, kikasogea ndani zaidi. Dada wa kiti cha mbele akanipa kibanio cha nywele, nikakiingiza gizani huku basi linaruka matuta. Maumivu yale sijawahi kuyaona. Sikio likaziba kabisa, nikizungumza nasikia sauti yangu inagonga ndani ya fuvu. Mama mmoja akasema wanimiminie mafuta ya kupikia, alikuwa nayo kwenye kikapu. Mwingine akasema nirukeruke kwa mguu mmoja. Nikaruka, kwenye korido ya basi, saa tisa usiku, mtu mzima mwenye watoto watatu, damu inanichuruzika shingoni. Nilikuwa naomba Mungu nisiwe kiziwi.

Alfajiri nikaingia kituo cha afya. Daktari akavaa taa kichwani, akanivuta sikio juu na nyuma, akachukua kikoleo chembamba. Hata dakika mbili hazikuisha. Akanionyesha: kimpira cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi. Akasema kilikuwa karibu na mlango, ni mimi niliyekisukuma.

Mvuvi wa Dunga
Yesu wangu.

Nyar Nyalenda
Pole sana, shemeji. Na kusikia kulirudi?

Shemeji wa Malaba
Kulirudi. Kidonda kilichukua wiki mbili.

Mjukuu wa Bungoma
Yule mama wa mafuta alikuwa sahihi. Bibi yetu alitiwa mafuta ya uvuguvugu na mdudu akatoka mwenyewe.

Muuguzi Mstaafu
Hapana, mwanangu. Mafuta ni ya mdudu aliye hai, ili atulie aache kukwaruza, na hata hapo ni kama kiwambo cha sikio hakijatoboka. Mpira haufi. Ukiupaka mafuta unateleza, na daktari anashindwa kuukamata. Usiguse kitu, nenda hospitali.

Mjukuu wa Bungoma
Bibi alipona lakini.

Muuguzi Mstaafu
Nimefurahi alipona. Alikuwa na mdudu.

Mama wa Kinu
Mimi nina kinu cha kusaga mahindi huku Luanda. Miaka minne nilivaa zile za kuning'inia nje ya sikio, naongeza sauti mpaka ishinde mashine. Leo nikilala kuna mlio, piiii, hauzimi. Binti yangu amenisomea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: sauti ya desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda unakatwa nusu. Mimi nilikuwa naifuata mashine, mnafikiri nilibakiwa na saa ngapi? Siku hizi kwa mashine navaa vizuia kelele vyenyewe, muziki nausikiliza jioni kwa iafoni zenye vimpira vya sponji. Zikiziba vizuri, sauti ya chini inatosha. Dada, kama ni za matatu, nunua zinazoziba, si zinazopiga kelele.

Kaptembwa Moja
Pole mama. Sponji huisha haraka lakini.

Mama wa Kinu
Huisha. Masikio pia.

Fundi wa Section 58
Nyar Nyalenda, rudi hapa kabla hujatoa elfu tatu. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha ndani ya iafoni ni kidogo sana. Kinafikisha mtetemo huo kama hewa ya ndani ya sikio imefungiwa. Penye upenyo, besi inavuja yote, hata iafoni ziwe za elfu hamsini. Usisome boksi: "20 mpaka 20,000", yaani mitetemo kwa sekunde, wanaandika wote. Weka wimbo wa baba, kisha sukuma iafoni kidogo kwa kidole. Besi ikija, tatizo ni saizi ya kimpira. Umewahi kubadilisha vile vilivyo kwenye kifuko?

Nyar Nyalenda
Nilijua ni vya akiba, vya kutumia hivi vikiharibika.

Fundi wa Section 58
Ni vya kupima. Na pima kila sikio peke yake, hayalingani. Hakikisha tu kimebana kwenye shina, tusikupeleke kwa daktari wa shemeji. Kwa pleya ndogo, iafoni zenye ukinzani wa omu 16 au 32 zinatosha.

Mjukuu wa Bungoma
Mimi naona zinunuliwe za bei tu.

Nyar Nyalenda
Nimerudi. Nimesukuma kwa kidole, besi ikaja mpaka nikaitoa nikashangaa. Sikio la kulia linataka cha kati, la kushoto kikubwa. Nimevuta sikio juu kama yule daktari, nikaiingiza, nikafunga macho. Mpigaji anaingia na besi kabla ya gitaa la pili, baba alikuwa akinyanyua kidole pale pale kila mara, na sikuwahi kuelewa alikuwa anasikia nini.

Sasa kile kikubwa cha kushoto kimepasuka pembeni. Kuna mtu Kisumu ana vya akiba?

Mvuvi wa Dunga
Ninavyo vya jozi nne zilizokufa. Jumapili nitakuwa Kibuye, beba iafoni zako tupime shina.